TAHADHARI: Anayeuza "seti original" ya sho na rejeta za Land Rover za zamani, Mwanza na Mara

Wadau wa magari ya zamani, hasa mlioko Mwanza, Magu, Sengerema na huko Ukerewe, kaeni macho. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza sho ya mbele (ule wavu wa usoni mwa gari, mbele ya rejeta) na rejeta (kipoza maji ya injini) za Land Rover kwa maneno haya haya: "seti moja, original, imetoka gari moja." Haijatoka gari moja. Yangu ilitoka magari mawili tofauti, na hiyo rejeta hadi leo hakuna fundi aliyenitajia ni ya gari gani. Kanila laki nne na themanini, na hapo sijahesabu injini.

Gari langu ni 109 (ile Land Rover ndefu, inchi 109 kati ya ekseli), toleo la Series IIA, petroli ya silinda nne, lita 2.25. Nililitoa kwa mzee mmoja Sengerema, limelala chini ya mwembe, kuku wanatagia kwenye siti ya nyuma. Bodi nzima, chesisi nzima, lakini mbele wazi: sho hakuna na rejeta imeoza.

Sasa hapa ndipo penye mtego, kwa hiyo nieleze kidogo. Series IIA zimetengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971. Za mwanzo, kama yangu, taa kubwa ziko katikati, karibu karibu kama macho ya bundi. Mwishoni mwa miaka ya sitini taa zikahamishiwa kwenye fenda. Ilipokuja Series III mwaka 1971, sho ikawa ya plastiki. Sho ya gari la taa za katikati ni wavu wa waya wa chuma wenye umbo la T iliyopinduliwa, nyembamba juu ili ipite kati ya taa, pana chini. Ni ile ambayo wazee wanasema ukilala njiani unaichomoa, unaiweka juu ya mafiga na kuchomea nyama. Hizi sho tatu haziingiliani hata ukizibembeleza.

Jamaa alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. "Mwangaluka baba!" Mtu akikusalimia Kisukuma alfajiri unamwamini nusu kabla hajasema shida yake. Akasema yuko Musoma, mzigo anao, atautuma kwa basi. Akanitumia picha. Sho safi, waya umenyooka, rejeta nyeusi inang'aa. Nikalipa yote kwa simu. Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa lake, akasema ni la shemeji yake.

Nikaupokea mzigo stendi ya Nyamhongolo, umefungwa kwenye salfeti na kamba za katani, mafundo ya mtu anayejua kazi. Kuufungua ilibidi niende nyumbani nikatafute kisu.

Sho kwanza. Kwa mbali ni yenyewe. Nikaipiga kwa ukucha, haikulia. Chuma kinalia, hii ilinyamaza kama ndoo. Nikakwaruza kwa ufunguo: juu rangi ya fedha ya kupuliza, chini yake plastiki nyeusi. Ilikuwa sho ya Series III iliyokatwa kona mbili za juu kwa msumeno wa chuma ili ifanane na T, kingo zikapigwa msasa, ikapuliziwa rangi. Meno ya msumeno yanaonekana ukipitisha kidole kwa ndani. Ajabu ni kwamba kazi yenyewe kaifanya kwa uangalifu mkubwa. Mikono ya kujipatia riziki ya halali anayo.

Nikampigia. Hakukana! "Sasa mzee, kwani mbaya? Hata Marekani wanachanganya, zile hot rod, magari ya zamani yaliyoundwa upya, si unaziona?"

Nikacheka kwa hasira, maana nusu ya maneno ni kweli. Wamarekani wanachanganya tangu zamani. Wanachukua Ford Model A ya 1929 wanaivika sho ya Ford ya 1932, na watu wanaiona nzuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Lakini mwenye gari ndiye aliyechagua, anajua kavaa nini na ukimuuliza anakuambia. Na akiingiza ile injini ya Ford ya V8 ya zamani, anajua ina mipira miwili ya maji juu na miwili chini, kwa hiyo rejeta ya Model A yenye mmoja mmoja haimfai, anatafuta nyingine. Kuchanganya sina ugomvi nako. Mimi niliuziwa kwa jina la seti ya gari langu.

Kosa langu sasa. Badala ya kurudisha mzigo wote, nikasema sho imenipita, angalau rejeta nifunge. Ilikuwa na matangi ya shaba, nzito mkononi. Mdomo wa chini ulikuwa mnene kuliko mpira wangu, fundi akapasua tairi la ndani la baiskeli akazungushia, akabana klipu mbili. Ikashika. Kifuniko kilikuwa cha gari la kisasa, kimeandikwa 1.1, yaani bar 1.1, kinashikilia presha kubwa. Mfumo wa Land Rover hizi ulitengenezewa kifuniko cha paundi 9 au 10 kwa inchi ya mraba, na hiyo 1.1 ni kama paundi 16. Nilikiona, nikasema kitasaidia maji yasichemke haraka. Sisi huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo wazo halikuwa la kijinga kabisa. Ila presha ile inatafuta sehemu dhaifu ya kutokea, na sehemu dhaifu ilikuwepo.

Mjini lilikwenda vizuri. Jumamosi nikaelekea Magu, abiria wawili na magunia ya mpunga. Kabla sijafika Kisesa mshale wa joto ukaanza kupanda, nikajipa moyo kwamba geji ni ya zamani. Kisesa yenyewe nikasikia pumzi ndefu, mvuke ukafunika kioo chote. Vijana wa bodaboda wakakimbia wakidhani moto. Tairi la baiskeli lilikuwa limechomoka, maji yote barabarani.

Kufika gereji, oili ikawa kama chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi imekwenda, hedi imepinda, ikabidi ipelekwe kwa fundi wa mashine kusawazishwa.

Nikaipeleka rejeta Mabatini kwa fundi wa rejeta, mzee ambaye haongei sana. Akalainisha lehemu kwa moto, akainua tangi la juu, akaniita. "Njoo uone kaburi." Chini ya tangi vijibomba vinatakiwa viwe wazi safu kwa safu ili maji yashuke. Safu nzima ya mbele ilikuwa imezibwa kwa lehemu, mdomo kwa mdomo. Vilikuwa vinavuja, na badala ya kubadilisha vijibomba waliviua. Juu ya mapezi (yale mabati membamba kati ya vijibomba yanayotoa joto) kukapakwa gundi ya chuma, kisha rangi nyeusi nzito kuficha yote. Injini ilikuwa inapozwa na theluthi mbili ya rejeta.

Mkitaka kununua kwa mtu yeyote, nendeni na sumaku. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, sumaku haishiki, lakini sho ya waya lazima ishike. Kwenye rejeta fungua kifuniko, mulika na tochi ya simu, utaona midomo ya vijibomba ya karibu. Kisha ziba mdomo wa chini kwa kiganja, jaza maji, achia. Yanatakiwa yamwagike kwa kishindo, sio kama bomba la mgao. Rangi mbichi nzito kwenye mapezi ni sababu ya kuondoka, kwa sababu fundi mkweli hupaka nyepesi, rangi nzito inazuia joto kutoka. Na mzigo wa basi ulipwe ukishafunguliwa mbele yako.

Halafu ile picha. Nilikuja kuiangalia vizuri nikiwa nimeshaliwa. Nyuma ya sho kuna ukuta wa matofali mekundu, na chini majani yana theluji. Theluji, ndugu zangu, na mtu yuko Musoma.

Jana binamu yangu wa Bunda kanitumia tangazo jipya, namba nyingine, maneno yale yale ya "imetoka gari moja". Picha ni ileile, ila sasa ameikata kwa chini. Matofali bado yapo.