Sindano sina neno nazo, wa kaunta ndiye aliyenitibua

Nimekaa na hili moyoni siku nyingi, leo nalitoa. Kliniki ya sindano za Kichina, zile za kuchomwa tu mwilini bila dawa ndani, hapa Tanga, huku Ngamiani. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Mama alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia ukalala. Kila mtu atakupa habari za mkono na mguu. Za choo hakuna anayekwambia. Mtu anashinda kitandani, maji anayaogopa maana yanampalia, na tumbo nalo linagoma. Akijikamua presha inapanda, na presha ndiyo iliyomwangusha. Dawa ya kulainisha choo tulipewa, leo inasaidia, kesho kimya.

Basi tukaenda. Benchi limejaa, wanaume kwa wanawake, na mzee mmoja wa msikitini kwetu yumo. Binti wa kaunta, wa kumzaa kabisa, shikamoo hana. Macho kwenye simu, akapaza sauti: "Huyu bibi ndiye hanyi? Tangu lini?"

Jamani! Mama yangu hata kwangu mimi mwanawe husema "tumbo limekaza", basi. Nikamwona anavuta mtandio kwa ule mkono wake mzima mpaka ukamfunika uso. Nikamwambia yule binti, "Mwanangu, hilo ungeniuliza mimi pembeni." Akanijibu, "Mama, hapa tunatibu, hatuoneani aibu." Wewe utaonaje aibu, tumbo ni lako?

Daktari mwenyewe, haki yake nampa. Alivuta pazia kwanza, akauliza kama mama anatumia dawa za kuzuia damu isigande, ndipo akafungua sindano mpya mbele yetu. Nyembamba kama unywele. Akazichoma huku na huku ya kitovu, nyingine chini ya goti, kisha akazibana waya za kimashine kidogo, zikawa zinatetema. Nusu saa hivi. Mama anasema haziumi, zinavuta tu.

Na choo kikaja! Baada ya kwenda mara kadhaa, bila kujikamua. Siku ile ningewapa nyota zote za mbinguni. Lakini ndizo siku hizohizo nilizoanza kumpa papai asubuhi, maji nayakoleza kidogo yasimpalie, na kila akimaliza chai namkalisha chooni hata kama hana haja. Sasa nimsifu nani, sindano au papai? Daktari mwenyewe kasema dawa ya hospitali tusiache, kwa hiyo hata yeye hajiapizi.

Nilishafika nyota tatu, nne hivi. Juzi tunaingia, binti yuleyule: "Bibi, vipi, umekunya?" Benchi zima likageuka. Moja! Na hiyo moja ni ya daktari.

Mama anataka kurudi wiki ijayo. Nitampeleka, nifanyeje. Nimeshaongea na daktari tupitie mlango wa uani, na yule binti akithubutu kutufuata huko na mdomo wake, atanijua mimi mzaliwa wa wapi.