Miezi minane na oili ya kukerezea: dumu halina kosa, kosa ni kisima

Karakana yetu ipo Gerezani, Dar es Salaam. Miaka yote tulikereza, yaani kuchonga chuma kinachozunguka kwenye mashine, kizamani: kopo lililotobolewa mfuniko, ndani oili chafu ya injini, na kijana mmoja kazi yake kudondoshea tu. Moshi unapanda, macho yanawasha. Tena shafti, kile chuma cha mviringo kinachozungusha mashine, ikipata moto inavimba. Unapima milimita 40 kamili, unamkabidhi mteja wa mashine ya kusaga, kesho anarudi: beringi inacheza. Chuma cha unene huo kikipoa kwa nyuzi 60 hivi hupungua karibu milimita 0.03, na kwa beringi hiyo si ndogo.

Mwaka huu nikanunua dumu la lita 20 la oili ile inayochanganyika na maji ikawa nyeupe; vijana wangu wanaiita maziwa. Kipimo ni sehemu moja ya oili kwa 20 za maji. Tangi la mashine yangu linabeba lita 40, kwa hiyo lita mbili tu zinatosha. Unamimina oili kwenye maji huku unakoroga. Mimi siku ya kwanza nilianza na oili, nikapata kitu kizito kama mtindi ambacho pampu ilikikataa.

Mchanganyiko ulipokaa sawa, nilifurahi. Maji yanabeba joto, oili inalainisha pale kisu kinapokwaruzana na chuma. Kisu nilichokuwa nanoa asubuhi na mchana sasa kinafika jioni. Shafti inatoka inang'aa, na unaishika kwa mkono mtupu.

Wiki ya tano, Jumatatu, nafungua mlango: mayai viza! Juu ya tangi kuna utando wa oili, kitanda cha mashine kina madoa ya kutu. Muuzaji akaniambia niongeze dawa. Nikaongeza, likaja povu, na mikono ya kijana wangu ikaanza kuwasha na kupasuka.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mkereza mstaafu. Hakugusa hata dumu. Aliuliza tu, "Mwanangu, maji unachota wapi?" Kisimani. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Chumvi, na visima vingi vya huku pwani ndivyo vilivyo. Maji ya namna hiyo huitenganisha oili na kuleta kutu. Isitoshe, kila siku maji yanakwenda na mvuke, chumvi inabaki, na mimi najazia mengine ya kisima. Ule utando nao ni oili ya kulainishia reli za mashine inayovujia tangini. Unaziba hewa, na vijidudu visivyotaka hewa vinajilia karamu wikiendi nzima mashine ikiwa imelala.

Nikamwaga yote (nikayaweka kwenye pipa la oili chafu, si mtaroni), nikasugua tangi, nikaweka maji ya mvua. Ijumaa tunakomba utando, na ile pampu ndogo ya kupulizia hewa matangi ya samaki wa mapambo inanguruma humo hadi Jumatatu. Nikijazia, najazia mchanganyiko mwepesi, si maji matupu. Nimenunua pia refraktomita, kidude cha kuchungulia kama darubini. Tone moja linakuonyesha kama umezidisha oili au umepunguza. Tangu hapo harufu sijaisikia, na mikono ya kijana imepona.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeinyima lebo: maandishi ya kigeni, madogo kama mbegu za mchicha, na kuhusu maji halikuandikwa neno.

Ukikereza kasti, yaani chuma cha kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, funga bomba, kereza kavu. Unga wake ukikutana na maziwa haya unageuka tope, na pampu yangu ya kwanza ilifia humo.