Kiendelezi cha Kudhibiti Video Kinapokataa Kutii

Assalamu alaykum, watazamaji wangu, na karibuni tena hapa Kibokoni, Mombasa. Leo nimekiweka mezani kiendelezi cha kivinjari, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari, kinachomwezesha mtu kusimamisha video, kuirudisha nyuma na kuibadilisha kasi kwa kibodi, hata anapokuwa anaandika kwenye dirisha lingine. Jina lake sitalitaja, kwa sababu kasoro nitakazozionyesha nimezikuta pia kwa vingine viwili vya aina hiyo hiyo, na nyingi kati yake hazitokani na kiendelezi chenyewe.

Aliyenifanya nikichunguze ni jirani yangu, Ustadhi wa madrasa, ambaye ananakili tenzi zilizorekodiwa katika kanda za marehemu babu yake, na ambazo jamaa zake wamezipandisha YouTube. Kazi hiyo humtaka asikilize ubeti, asimamishe, aandike, arudi nyuma kidogo, kisha asikilize tena. Nilimwekea kiendelezi siku ya Jumamosi. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, kipakatalishi kwapani.

"Mwanangu, hichi kidude chako chanifanyia mzaha. Nikibonyeza, video yashtuka kisha yaendelea."

Hilo neno "yashtuka" ndilo lililonielekeza. Tazameni hapa kwenye skrini: nabonyeza herufi K, picha inaganda kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha sauti inaendelea kana kwamba sikugusa kitu. YouTube yenyewe imeipa K kazi ya kusimamisha na kuendeleza, J kurudi nyuma sekunde 10, na L kwenda mbele sekunde 10. Nami, kwa kutaka kumrahisishia Ustadhi, nilikuwa nimeichagua K hiyo hiyo ndani ya kiendelezi, kwa hivyo kila alipoibonyeza mara moja zilitoka amri mbili, ya kwanza ikasimamisha na ya pili ikaendeleza. Kosa lilikuwa langu. Niliihamishia kazi hiyo kwenye Ctrl, Shift na 1, na mshtuko ukaisha.

Hata hivyo, alipolirudia dirisha lake la kuandikia, vitufe hivyo navyo vilikufa ganzi. Hapa ndipo watu wengi hukifuta kiendelezi kwa hasira, ilhali dawa iko karibu. Katika Chrome, andikeni chrome://extensions/shortcuts kwenye upau wa anwani. Mtaona kila amri ya kiendelezi na vitufe vyake, na kando yake kisanduku chenye hiari mbili: vitufe vifanye kazi ndani ya Chrome pekee, au popote ulipo kwenye kompyuta. Hiari ya kwanza ndiyo huwekwa tangu mwanzo. Kwa mtu anayenakili, ni hiari ya pili pekee inayomfaa, na nashangaa kuwa maelezo ya kiendelezi hiki hayaitaji hata kwa sentensi moja.

Kabla ya kufika huko, lakini, anzeni na jambo dogo kabisa: pakieni ukurasa upya. Kiendelezi hupenyeza msimbo wake ndani ya ukurasa wakati ukurasa unapofunguka. Kichupo kilichokuwa wazi kabla hamjakisakinisha, au kabla hakijasasishwa, kwa kawaida hakitakitii. Na kwenye hali fiche (Incognito, dirisha lisilohifadhi historia) hakifanyi kazi mpaka mkiruhusu ninyi wenyewe.

Kuna tatizo jingine ambalo lilinichukua jioni nzima. Kwenye ukurasa mmoja wa habari, kiendelezi hakikuiona video kabisa, ingawa nilikuwa nimekipa ruhusa ya kufanya kazi kwenye tovuti ile (ruhusa hizi nitazieleza hapo chini). Sababu ni kwamba video haikuwa ya tovuti ile. Ilikuwa imepachikwa ndani ya fremu, yaani ukurasa mdogo ndani ya ukurasa, inayotoka kwenye anwani nyingine, na ruhusa ya mwenye nyumba haimfungulii mtu chumba cha mpangaji. Jaribio lake ni rahisi: ifungueni video peke yake kwenye kichupo kipya. Ikitii hapo, basi kinachohitajika ni kuiongeza ile anwani ya pili katika orodha ya tovuti zilizoruhusiwa.

Kuhusu kasi, sina malalamiko makubwa. Kwa kasi ya 0.75 (1 ndiyo ya kawaida) sauti ya babu yake Ustadhi inasikika kwa utulivu bila kuwa nzito, kwa kuwa vivinjari vya leo huhifadhi kimo cha sauti, yaani wembamba au uzito wake, hata kasi inapopungua. Kinachoudhi ni kwamba Ustadhi akienda kuswali na kurudi, huikuta kasi imerejea 1. Katika mfumo mpya wa viendelezi wa Chrome, sehemu inayofanya kazi nyuma ya pazia huzimwa ikikaa kama sekunde 30 bila shughuli, na mtunzi wa kiendelezi asipoandika mapendeleo ya mtumiaji mahali pa kudumu, hupotea nayo. Nashuku ndicho kinachotokea hapa, na hilo mtumiaji hawezi kulitengeneza; anaweza tu kumwandikia mtunzi na kusubiri.

Sasa ruhusa. Wakati wa kusakinisha, kiendelezi hiki huomba kusoma na kubadilisha data yenu kwenye tovuti zote. Ombi hilo lina sababu ya kiufundi, kwa kuwa hakiwezi kuigusa video bila kuugusa ukurasa, ila sioni kwa nini kitu cha kusimamisha video kiwepo pia ninapofungua akaunti ya benki. Ingieni kwenye maelezo ya kiendelezi, mbadilishe ufikiaji uwe wa tovuti mahususi, kisha mziandike zile mnazozihitaji tu.

Kwa Ustadhi nimekiacha, kikiwa na ruhusa ya tovuti mbili, naye amefika ubeti wa arubaini na kitu. Kwenye kompyuta yangu nimekiondoa, maana mimi hutazama video nikiwa nimeikabili, na K, J na L zanitosha.