Mbio moja kubwa au kadhaa ndogo: zipi zitakutoa kitandani wakati wa baridi?

Huku kaskazini mwa dunia, baridi ya Desemba ikiingia, swali ni lile lile: nijiandikishe mbio moja kubwa ya kiangazi, au kadhaa ndogo?

Kwa kukuamsha alfajiri yenye giza, moja kubwa haina mpinzani. Kilomita 42.195 za marathoni hazidanganyiki. Maandalizi huchukua kama wiki 16 hadi 20, kwa hiyo mbio za Juni zinaanza kukudai Februari. Hofu hiyo ni dawa. Lakini ukiumia goti mwezi Mei, msimu wote umekwenda na maji. Na Desemba mbio bado ziko mbali mno kukutisha.

Ndogo, tuseme nusu marathoni moja na mbio tatu za kilomita 10, husamehe: ukikosa hizi, zile zinakuja. Mwili nao hupona upesi. Gharama? Ada ya kila moja huwa nafuu, ila ukijumlisha na nauli, huenda zikaipita ile kubwa.

Mimi huogopa mapema, kwa hiyo kubwa hunifaa. Mwenye watoto wachanga, zamu zisizotabirika au jeraha bichi, afadhali ndogo. Na aliyekwisha kuchoshwa na ratiba asijiandikishe popote kwanza, akimbie tu.