Mbolea ya Asili kwa Bustani ya Nyumbani Dodoma: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Iachwe

Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wake kwa mwaka haufiki milimita 600. Miezi mingine yote bustani huishi kwa maji ya bomba au ya kisima. Kwa hiyo anayenunua mbolea ya asili mjini hapa hanunui chakula cha mimea peke yake, bali ananunua pia uwezo wa udongo mwekundu wenye mchanga kuyashika maji yaliyomwagiliwa leo yasiwe yamepotea kesho. Nimezipanga mbolea zinazouzwa kwa kigezo hicho, na ndiyo sababu ile yenye naitrojeni nyingi kuliko zote haikupata nafasi ya kwanza.

Nafasi hiyo naipa samadi ya ng'ombe, kwa sharti kwamba iwe imeoza kabisa. Ina nyuzinyuzi nyingi zinazoshika maji, ni ya upole kwa mizizi, na wafugaji wa mkoa huu wanayo kwa wingi. Kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji imelala kwa muda gani tangu itolewe zizini, na kama ilikuwa ikigeuzwa na kumwagiwa maji, kwa sababu katika jua letu samadi iliyorundikwa bila unyevu hukauka tu na hubaki mbichi hata baada ya mwaka. Iliyokomaa ni nyeusi au kahawia iliyokolea, hunukia udongo wa mvua za kwanza, na haikuonyeshi tena lile jani lilikuwa jani gani. Iliyo mbichi huleta mbegu za magugu na huwaita mchwa, ambao wakishamaliza mabaki ya nyasi yaliyomo huhamia kwenye matandazo yako na miche.

Kasoro kubwa ya samadi hii ni mchanga. Mazizi mengi hayana sakafu, hivyo anayezoa kwa koleo huzoa na ardhi, na mnunuzi hulipia kirikuu kizima ambacho sehemu yake ni udongo uleule alio nao nyumbani. Chukua chupa ya maji inayoonyesha ndani, tia samadi hadi robo, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha uiache itulie kwa dakika chache. Mchanga hutua chini haraka, samadi yenyewe huelea au hutua taratibu juu yake, na mpaka kati ya tabaka hizo huonekana kwa macho. Tabaka la mchanga likikaribia nusu ya kilichotua, tafuta muuzaji mwingine.

Samadi ya mbuzi inaifuata kwa karibu sana, na kwa mwenye nafasi ya kuiandaa yaweza hata kuipita. Kwa uzito uleule huwa na naitrojeni zaidi kuliko ya ng'ombe. Tatizo ni kwamba punje zake ngumu hazivunjiki katika udongo mkavu. Zitwange kidogo, zilowanishe, uzifunike kwa turubai, na uzigeuze mara kwa mara hadi zilainike. Mbuzi hula pia maganda ya migunga, kwa hiyo usishangae kuona miche yenye miiba ikiota katikati ya mchicha.

Mboji ya minyoo ni nzuri, lakini huuzwa kwa vifuko vidogo na kwa bei isiyofaa matuta. Inunue kwa ajili ya kitalu na vyungu vya maua tu.

Mbolea ya kuku naiweka nyuma ya hizo, ingawa najua wengi huikimbilia kwa sababu mboga huonyesha kijani haraka. Nguvu yake ndiyo hatari yake: ina chumvi nyingi, na penye mvua chache hakuna kinachoishusha chumvi hiyo chini ya mizizi, hasa pale ambapo hata maji ya kisima yana chumvi. Kingo za majani zinazokauka ni dalili ya kwanza. Ile ya kuku wa nyama huja imechanganyika na maranda, nayo maranda yasiyooza huinyang'anya mimea naitrojeni. Kwa mboga zinazoliwa mbichi kuna pia suala la vijidudu. Kanuni za kilimo hai za Marekani hudai siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi, ya mnyama yeyote, na kuvuna mazao yanayogusa udongo.

Ule unaouzwa kama udongo mweusi wa msituni usiununue kabisa. Mara nyingi hutoka pale ambapo kuuondoa ni kuiharibu ardhi ya watu wengine.

Kuhusu kiasi, debe moja la lita 20 hufunika mita mraba moja kwa unene wa sentimita 2, hivyo tuta la mita 1 kwa 5 linahitaji madebe matano ya samadi ya ng'ombe au mbuzi, au debe moja tu la mbolea ya kuku iliyooza. Nunua kati ya Juni na Oktoba, ili isiyokomaa ipate muda wa kuoza kabla ya mvua. Kabla ya kuagiza mzigo mkubwa, omba sampuli, ichanganye nusu kwa nusu na udongo wako kwenye kopo, panda maharage kumi humo na mengine kumi kwenye udongo mtupu, umwagilie yote sawa. Yale ya kwenye mbolea yakichelewa au yakiota yamejikunja, mzigo huo bado ni mbichi, na muuzaji aupunguze bei au abaki nao.