Sabuni ya kipande, ya maji au sanitaiza: uanze na ipi ukinunua Nairobi

Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu cha kusafisha mikono mwezi huu, nunua sabuni ya kipande. Ule mche mrefu ambao mwenye duka hukukatia kwa kisu unatosha kabisa. Sabuni si lazima iue viini ndipo ifae. Hubandua mafuta na uchafu vilikojishika, maji yakaviondoa. Virusi vyenye utando wa mafuta, kama vya korona na vya mafua, huvipasua kabisa.

Kuna wanaokataa kipande kwa sababu kinashikwa na nyumba nzima. Watulie. Katika utafiti uliochapishwa 1988, vipande vilipakwa bakteria makusudi, watu wakanawa navyo, na mikono yao ilipopimwa bakteria hao hawakuonekana. Nunua tu kisahani chenye matundu ili sabuni isilale ndani ya maji ikawa uji.

Nafasi ya pili naipa kitu ambacho si sabuni: ndoo yenye mfereji. Mitaa mingi hapa inaishi kwa mgao wa maji, na ukiwa unachota kwa kikombe kutoka kwenye beseni, mkono mchafu hufika ndani kila mara. Za plastiki zinapatikana madukani. Ukitaka ya bati ya kudumu, au stendi ya kuiwekea, mafundi wa jua kali wa Kamukunji watakuundia. Angalia mfereji kuliko ndoo. Wa mkono mrefu unaosukumwa kwa kiwiko ni bora kuliko wa kuzungusha, kwa sababu ule wa kuzungusha unaufungua kwa vidole vichafu na kuufunga kwa vilevile vilivyooshwa. Mwombe muuzaji ajaze maji kabla hujalipa. Ndoo ikivuja dukani, nyumbani haitaacha.

Ya tatu ni sabuni ya maji. Ni rahisi kwa watoto na wageni, ila huisha upesi kwa sababu kila mtu hujimiminia kupita kiasi. Ile ya mitungi inayotengenezwa mtaani si mbaya kwa jina. Shida ni kwamba humjui aliyeichanganya wala maji aliyotumia. Nyingine huacha ngozi imekauka na kupasuka, na ngozi iliyopasuka husafishika kwa shida. Chupa ikiisha, ioshe na uikaushe kabla ya kuijaza tena. Kuongezea sabuni mpya juu ya mabaki ya zamani huwapa bakteria makao.

Sanitaiza naiweka ya nne, na najua wengi watabisha. Ndani ya matatu, ukishashika vyuma vya mlango na chenji ya makanga, haina mpinzani: maji hakuna na mahindi choma yanakungoja kituoni. Lakini soma kibandiko. Alkoholi isipungue asilimia 60. Isipoandikwa kiasi chake, rudisha chupa rafuni. Tafuta pia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kisha tuma kwa SMS neno SM# likifuatwa na namba iliyo chini ya alama hiyo kwa 20023 uone kama kibali ni cha kweli. Mwaka 2020 Marekani ilitoa onyo kuhusu sanitaiza zilizotiwa methanoli, ambayo ni sumu, na kwa kunusa tu huwezi kuitambua. Jipake ya kutosha, usugue hadi mikono ikauke yenyewe. Kwenye mikono yenye mafuta ya nyama choma au udongo wa sukuma haifanyi kazi vizuri, na virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuharisha, huistahimili. Iweke mbali na jiko na watoto.

Sabuni zinazojinadi kuua bakteria ziko mkiani. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 vya sabuni hizo, triklosani ikiwemo, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba vinashinda sabuni ya kawaida. Ukiipenda harufu yake, nunua. Tishu zenye unyevu ni za kumfuta mtoto mashavu.

Chenji ikibaki, chukua taulo ndogo kadhaa, kila mtu na yake. Mkono mbichi hupokea na kupitisha viini kirahisi kuliko mkavu, na taulo moja iliyoning'inia jikoni wiki nzima, ikifuta mikono, sufuria na meza, hurudisha kile ulichokiosha kwa sekunde 20.