Slaidi Zinazoongea: Nimekijaribu Kinasa Sauti cha PowerPoint

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nina jambo ambalo wengi mmeniuliza: slaidi ziko tayari, maneno ninayo kichwani, sasa naitiaje sauti kazi hii ili picha na maneno viende pamoja? Nisiwe nazungumzia mchoro wa tatu na mtu bado anatazama wa pili. Kwa wiki mbili nimekuwa nikitumia kinasa kilichomo ndani ya PowerPoint, programu ya slaidi ya Microsoft, toleo la Windows, nikarekodi nacho somo zima la slaidi 26.

Mwenye haraka achukue jibu hapa hapa: kwa mtu anayetaka kufundisha au kueleza jambo kwa slaidi na sauti yake mwenyewe, kinatosha. Na kwangu sababu ni moja tu. Sauti hakiiweki kama utepe mmoja mrefu. Kila slaidi inabeba kipande chake.

Naomba tukae hapo kidogo. Kabla ya hapa nilikuwa narekodi kwa njia nyingine kabisa. Nilisoma maelezo yote mfululizo, dakika 19, nikapata faili moja ya sauti, halafu nikazipanga slaidi juu yake. Kesho yake nikagundua kwenye slaidi ya 6 nimetaja tarakimu isiyo sahihi. Nikarekodi upya sentensi ile moja, ikawa ndefu kuliko ya mwanzo kwa sekunde nne, na kuanzia pale slaidi zote zikawa zinatangulia maneno. Nilikesha nikizisogeza moja baada ya nyingine. Sasa tazameni hapa kwenye skrini: nasimama kwenye slaidi ya 6, nachagua kurekodi kuanzia slaidi niliyopo, inahesabu tatu, mbili, moja, nasema, nasimamisha. Sauti ya zamani ya slaidi hii imeondoka, mpya imekaa, na zile nyingine hazijaguswa. Hata nikiihamisha ikawa ya 15, inahama na sauti yake. Ila simamisha kabla hujasonga mbele, la sivyo unaanza kuifuta sauti ya slaidi inayofuata.

Keynote, programu ya slaidi ya Apple, nayo inarekodi, na inarekodi vizuri, lakini ukizigusa slaidi baada ya kurekodi, sauti na picha zinaweza kuachana. Impress ya LibreOffice, ambayo ni ya bure, inakupimia muda wa kila slaidi unapofanya mazoezi, ila kurekodi sauti ni kazi yako. Unarekodi pembeni kwa programu kama Audacity, kisha unaingiza faili slaidi kwa slaidi. Inachosha, lakini matokeo ni mazuri, na kama huna uwezo wa kulipia programu, usione haya kupita njia hiyo.

Udhaifu sasa, na huu nawasihi muuandike. Wakati slaidi moja inaipisha nyingine, kinasa hakirekodi. Microsoft wenyewe wameliandika hili kwenye maelekezo yao. Ukiweka ule mpito wa mbwembwe wa sekunde mbili na mdomo wako unaendelea, maneno ya hapo katikati hayapo tena. Atakayesikiliza atasikia sentensi imekatwa kichwa. Dawa yake ni tabia tu: maliza sentensi, nyamaza, badili slaidi, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo uanze. Na mimi mipito yote nimeiondoa, nimebakiza ile ya kawaida kabisa.

Kuna kitu hapa kinanifurahisha sana. Tatizo hili ni kongwe. Kodak walipotoa projekta ya Carousel mwaka 1961, ile yenye sinia la duara la slaidi 80, watu walianza kuiunganisha na rekoda ya kanda. Njia moja ya kanda ilibeba sauti ya msimulizi, njia ya pili ilibeba mlio mfupi ambao watazamaji hawakuusikia. Mashine ikiusikia, inaangusha slaidi inayofuata. Lakini kati ya slaidi na slaidi skrini ilikuwa giza kidogo, kwa hiyo msimulizi hodari alijua kunyamaza kwa nafasi ile. Projekta zile Kodak waliacha kuzitengeneza mwaka 2004, na hadi leo tunahitaji kimya kile kile.

Haya, maandalizi. Sehemu ya chini ya slaidi, pale pa maelezo ya msemaji, andika unachotaka kusema, kwa sababu unaporekodi maelezo hayo yanaonekana mbele yako. Andika kama unavyoongea. Sentensi ya kitabu ikiingia mdomoni inakwama, na mkwamo huo unasikika. Kisha soma kwa sauti na saa ikienda. Slaidi ikinipita dakika moja na nusu, naigawa iwe mbili. Macho yaliyokodolea picha moja isiyobadilika huchoka kabla ya masikio.

Maiki iweke umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya P na B isiigonge moja kwa moja. Chumba chenye mapazia, zulia, hata kabati la nguo lililo wazi, ni bora kuliko ukumbi mtupu unaorudisha mwangwi. Zima feni. Halafu, tafadhali, fungua mipangilio ya kinasa uangalie ni maiki ipi iliyochaguliwa. Kompyuta ikiwa na kamera, mara nyingi na kamera ina maiki yake, na unaweza kuongea na maiki nzuri iliyo mbele yako kumbe inayorekodi ni ile ya juu ya skrini. Rekodi sekunde kumi, vaa visikilizio, sikiliza. Usirekodi slaidi 26 kabla ya sekunde hizo kumi.

Kamera ya uso sikuitumia, kwa hiyo sina la kusema. Lakini kalamu na ile nukta nyekundu ya kuelekezea nimezipenda mno: unapochora duara juu ya grafu, mchoro unarekodiwa pamoja na wakati wake, na mtazamaji anauona ukijichora pale pale unapoitaja. Kwa mwalimu, hilo peke yake ni hazina.

Sauti ikitoka na mvumo, kuna mlango wa nyuma. Tengeneza nakala ya faili lako la PowerPoint, lile la PPTX, badilisha mwisho wa jina lake uwe ZIP, ulifungue. Ndani, kwenye folda ya media, utakuta vipande vya sauti yako vimelala. Unavisafisha kwenye Audacity: unachagua sehemu ya kimya, unaionyesha programu kwamba huu ndio mvumo, inauondoa kote. Kisha unaviingiza tena kwenye slaidi zake. Ni kazi, lakini imeniokolea slaidi tatu nilizozirekodi mvua ikinyesha.

Kutoa video ni rahisi: chagua MP4, ukubwa wa 1080, subiri. Angalia tu kama kuna slaidi uliyoiruka bila kurekodi, maana usipoibadilishia muda, hiyo itapewa sekunde tano na kupita kimya. Mimi niliikuta moja, ya 19.

Sasa nawachezea slaidi ya 6 na ya 7 kama zilivyotoka, bila kuhariri chochote. Vaeni visikilizio, na msikilize pale zinapopishana.